Ukurasa wa Nyumba: Kabla ya Kulifungua Lango la Shamba



Mwezi huu tumependa kuzungumza nanyi juu ya jambo linalozihusu nyumba zenye vishamba vidogo, nalo ni kuwafungulia watu lango waje wenyewe kuchuma matunda, wayapime, wayalipie, kisha warudi nayo makwao. Matunda tunayoyakusudia ni yale madogo madogo na mororo yasiyovumilia safari, kama vile stroberi, rasiberi na forosadi. Tutaichukua stroberi kuwa mfano wetu mkuu, kwa kuwa ndiyo inayopandwa zaidi katika nchi zetu za baridi, kama vile Limuru huko Kenya.

Kwa nini mwenye shamba amwite mnunuzi tutani badala ya kuyapeleka matunda sokoni? Sababu imo ndani ya tunda lenyewe. Embe huchumwa bichi likaivia njiani, na ndizi kadhalika. Stroberi haina tabia hiyo. Ikishachumwa haiivi tena. Ukiichuma nyeupe itabaki na ukali wake mpaka ioze, na ukiichuma nyekundu kama ipasavyo, basi siku zake ni chache mno, na kila mkono unaoigusa huipunguzia uhai. Mkulima anayetegemea mchuuzi hujikuta analazimika kuuza siku ile ile kwa bei ile atakayopewa. Huko Marekani desturi ya kuwaachia watu wachume wenyewe ilienea katika miaka ya 1930 na 1940, wakati bei zilipoanguka na baadaye wachumaji na vyombo vya kufungashia vilipoadimika. Mkulima aliyeshindwa kulipia uchumaji na usafirishaji alimwambia mnunuzi: njoo na kikapu chako.

Jambo hili ni jema, walakini lina upande wa pili ambao wengi hawaufikirii mpaka maji yamekwisha kumwagika. Shamba la jamaa si duka la mjini. Limeshikana na nyumba wanamolala watoto, na ua anamopikia mama. Ukilifungua shamba, umeifungua na nyumba. Kwa hiyo neno letu la leo ni moja, na mengine yote yatalizunguka hilo: idadi ya wageni na ikatwe kwa kipimo cha matunda yaliyoko tutani na nguvu za watu wa nyumbani, wala isikatwe kwa kipimo cha tamaa. Nyumba isiyoshika kipimo hiki huweza kupoteza mambo matatu kwa mpigo: jina lake kwa wateja, raha yake ya ndani, na mwisho hata shamba lenyewe, kwani ardhi ya urithi inayowachosha watu pasipo kuwafaidi haikawii kutafutiwa mnunuzi.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Wako watu wanaojulikana ulimwenguni ambao safari yao yaweza kutufunza. Mwaka 1920, Walter Knott na mkewe Cordelia walianza kulima matunda ya jamii hii katika eka 20 za kukodi huko Buena Park, katika jimbo la California, wakiyauza katika kibanda kando ya barabara. Mwaka 1932 Walter alipata vishina vilivyokuwa karibu kufa vya tunda la machanganyiko lililooteshwa na Rudolph Boysen, akavitunza mpaka vikazaa vizuri, na tunda lile likaitwa boysenberry kwa jina la yule aliyeliotesha. Mwaka 1934 Cordelia akaanza kuwapikia wateja chakula cha kuku. Siku ya kwanza aliwaandalia watu wanane tu, katika sahani zake za harusi. Baadaye watu wakawa wengi hata wakapanga foleni, na mwaka 1940 mumewe akaanza kujenga mfano wa mji wa kale ili wanaongoja wapate cha kutazama. Leo mahali pale ni uwanja mkubwa wa michezo na starehe, na jamaa waliuuza mwaka 1997.

Hatusemi kwamba kila mwenye tuta la stroberi atafika huko, wala kwamba kufika huko ni jambo la kutamaniwa. Tunalotaka mlitazame ni mwendo wao. Ilipita miaka 14 baina ya kibanda cha kwanza na sahani ya kwanza, na sahani zenyewe zilikuwa nane. Kila hatua ilifuata tunda na nguvu za nyumba, na haikuvitangulia.

MATAYARISHO YA TUTA

Yafaa kazi ianze si chini ya mwaka mmoja kabla ya mgeni wa kwanza. Stroberi hupenda ubaridi, jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji, wenye uchachu kidogo, yaani kipimo cha 5.5 mpaka 6.5. Mwenye nia na apime udongo wake kwanza kwa mabwana shamba, kwani gharama ya kupima ni ndogo kuliko gharama ya kung'oa.

Tazama vilevile historia ya ardhi. Mahali palipokuwa na viazi, nyanya, pilipili au biringanya katika miaka ya karibuni si mahali pema pa stroberi, kwa sababu mimea hiyo huacha udongoni ugonjwa wa mnyauko unaoishambulia stroberi pia. Hili lawahusu sana wakulima wa milimani, ambao viazi ni zao lao la kila siku.

Miche hupandwa katika matuta yaliyoinuliwa, mistari miwili kwa kila tuta, na nafasi ya sentimita 30 hivi baina ya mche na mche. Kitovu cha mche kisifukiwe wala kisiachwe juu mno. Kikifukiwa huoza, na kikiachwa juu hukauka. Maua ya majuma ya mwanzo hukatwa ili mche upate kujenga mizizi. Matuta hutandazwa nyasi kavu au karatasi ya plastiki, ili tunda lisilale juu ya udongo. Maji yapitishwe chini kwa mipira ya matone, kwa maana kunyunyizia juu ya majani na matunda hukaribisha ukungu wa kijivu, ambao kwa siku chache za unyevu waweza kuharibu mavuno ya juma zima.

Nyuki wahifadhiwe. Ua lisilotembelewa na nyuki ipasavyo hutoa tunda lililopinda. Nao ndege hupenda stroberi kuliko sisi, kwa hiyo nyavu hazina budi, ila zifungwe vizuri zisije zikawanasa miguu wageni.

Katika kupanga matuta, mkulima anayeuza sokoni hufikiria mimea peke yake. Anayewangojea wageni afikirie na miguu. Njia iwe pana ya kuwapitisha watu wawili wanaopishana na vikapu, isiwe na mashimo, na mwisho wa kila tuta pawekwe kibao chenye nambari. Siku ya wageni mwenye shamba ataweza kusema, "Leo tunachuma tuta la tatu na la nne," na mengine yakapumzika. Watu wakiachwa watawanyike kote, watachuma yaliyo karibu na njia, watakanyaga yaliyo katikati, na yaliyo pembeni yataoza.

Mavuno ya kwanza yauzwe kwa njia ya kawaida. Hapo jamaa watajifunza tunda huiva lini na kwa kadiri gani. Kutoka ua kufunguka mpaka tunda kuwa jekundu hupita siku 30 hivi, zaidi kidogo kukiwa na baridi. Anayeyahesabu maua yake leo ana khabari ya kikapu chake cha mwezi ujao.

HISABU YA WAGENI

Sasa tufike kwenye hisabu, nayo ndiyo inayoachwa mara nyingi. Tuseme jamaa wana robo eka. Matuta yakiwa ya upana wa mita moja na njia ya sentimita 60, mahali hapo patabeba miche 4,000 hivi. Tukadirie kwa uangalifu kwamba kila mche utatoa nusu kilo kwa mwaka mzima. Hayo ni matunda ya kilo 2,000. Tuseme tena kwamba kila jamaa watakaokuja watachuma kilo mbili. Basi shamba hilo laweza kupokea jamaa 1,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo yaonekana kubwa, lakini igawe kwa majuma 52: ni jamaa 19 kwa juma. Wakifungua siku mbili kwa juma, ni jamaa tisa au kumi kwa siku.

Hapo ndipo pazingatiwe. Mtu akitangaza kwa simu kwa watu wote wa mji, wakamjia jamaa 60 kwa siku moja, 10 wa mwanzo watachuma na 50 watarudi na vikapu vitupu na ndimi zilizojaa. Watoto watalia, na wengine watachuma mabichi ili wasirudi bure, na hivyo kuiharibu hata siku ya juma lijalo. Mkulima ataona amepata umaarufu, kumbe amepata hasara. Tena mavuno hayaji sawasawa kila juma. Kipindi cha jua hutoa mengi, na masika huleta ukungu. Kwa hiyo idadi na ikatwe upya kila juma, baada ya mtu kupita tutani na kuhesabu kwa macho yake.

Dawa yake ni rahisi: watu waandikishe siku yao kabla ya kuja. Mwenye shamba awe na daftari, na likijaa aseme limejaa. Kumwambia mtu "Njoo juma lijalo" ni adabu. Kumwita leo kisha akakuta majani ni kumvunjia hishima. Nao wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

USAFI NI KABLA YA UTAMU

Tunda hili huliwa bichi, na mara nyingi huliwa pale pale. Haliwezi kumenywa kama chungwa. Kwa hiyo uchafu ulioko juu yake huenda moja kwa moja kinywani, na mara nyingi kinywa hicho ni cha mtoto.

Mwaka 2011 katika jimbo la Oregon, Marekani, watu zaidi ya 10 waliugua na pakatokea hata kifo kwa sababu ya kula stroberi zilizokuwa na vijidudu vya E. coli, na uchunguzi ulionesha kwamba vilitokana na mavi ya paa walioingia mashambani. Matunda yalionekana mazuri kwa macho. Ndiyo sababu twasema ua wa shamba si wa kuzuia wezi peke yao. Mbuzi, kuku, mbwa na wanyama wa mwituni wasipite matutani. Asubuhi ya kila siku ya wageni, mtu mzima apite akikagua, na pakionekana mavi ya mnyama, matunda ya mahali hapo yasichumwe.

Samadi mbichi nayo ina hukumu yake. Kanuni za kilimo cha asili huko Marekani zataka zipite siku zisizopungua 120 baina ya kutia samadi mbichi na kuvuna, ikiwa tunda hugusana na udongo. Kwa matuta yanayozaa karibu mwaka mzima, maana yake ni kuwa samadi mbichi haina nafasi. Itumike mboji iliyoiva barabara. Ikiwa dawa ya wadudu imepigwa, zihesabiwe siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chupa, na tuta hilo lifungwe kwa kamba mpaka zitimie, hata kama wageni wamekwisha kuandikishwa. Na isipigwe wakati nyuki wanaruka.

Langoni pawekwe maji yanayotiririka na sabuni, na kila mchumaji anawe, mkubwa na mdogo. Choo kiwepo, kiwe safi, kiwe mbali na matuta na mbali na kisima. Mdomo wa kisima au tangi ufunikwe na kufungwa kwa kufuli, maana mtoto wa mgeni haijui hatari ya mahali kama aijuavyo mtoto wa nyumbani. Sanduku la huduma ya kwanza lisikosekane, kwani nyuki wanaoleta matunda ndio hao hao wanaouma.

SITARA YA NYUMBA

Hapa tunazungumza khasa na wazazi. Mgeni anayekuja shambani amepewa ruhusa ya shamba, hakupewa ruhusa ya nyumba. Dini yetu imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia katika nyumba za watu; lakini mwenye nyumba naye ana wajibu wa kuuonesha mpaka, ili mgeni asikosee kwa kutojua. Upandwe ua wa michongoma au usimamishwe ukuta wa makuti baina ya kiwanja cha nyumba na matuta. Njia ya wageni itoke barabarani mpaka shambani bila kupita mbele ya jiko. Choo cha wageni kiwe chao, wasije wakagonga mlango wa chumbani kuuliza.

Siku za kufungua ziwe chache na zijulikane, na saa zake ziandikwe langoni. Asubuhi ni bora, kwa kuwa tunda lililochumwa kabla ya jua kali hudumu zaidi. Ijumaa adhuhuri lango lifungwe bila ya kuona haya. Na siku zilizobaki nyumba iwe nyumba: mama akae barazani pake, watoto wacheze, wala asiwepo mtu wa kuchungulia na simu yake akipiga picha. Juu ya picha nako patolewe kauli mapema. Matuta na yapigwe picha kwa raha, ama watu wa nyumbani wasipigwe ila kwa ridhaa yao.

Pia patengwe mahali padogo pa kivuli, penye mkeka na maji ya kutilia udhu. Gharama yake ni ndogo, na mgeni aliyeswali kwa raha hukumbuka mahali hapo kuliko anavyokumbuka bei.

MIZANI NA RIDHAA

Wajibu wa kutimiza vipimo hauhitaji maelezo marefu kwa wasomaji wetu. Iko sura nzima katika Kurani Tukufu iliyopewa jina kwa ajili ya wapunjao, nayo ni Al-Mutaffifin. Tutataja matendo tu. Mizani ikaguliwe na idara inayohusika. Tanzania ni Wakala wa Vipimo, na Kenya iko idara ya serikali yenye kazi hiyo hiyo. Iwekwe mahali ambapo mnunuzi anausoma uzito kwa macho yake. Chombo kitupu kipimwe kwanza na uzito wake utolewe, ili mtu asilipie kikapu kwa bei ya tunda. Vikapu viwe vifupi, kwani stroberi zikirundikwa za juu huziponda za chini.

Liko na jambo la kuonja. Hakuna mtu atakayeingia katika stroberi nyekundu asitie moja kinywani, na watoto ndio zaidi. Mwenye shamba akinyamaza, mgeni mcha Mungu hula kwa wasiwasi, na asiyejali hula kilo nzima. Basi kauli itolewe langoni: ama kuonja kumesamehewa kwa kiasi, ama kila aingiaye hulipa kiingilio kidogo ambacho ndani yake mna haki ya kuonja. Ikiisha kusemwa hivyo, mgeni hula kilicho halali yake, na mwenye shamba hatazami vinywa vya watu kwa kinyongo.

Khabari ya vibali isiachwe mpaka mwisho. Nendeni mapema kwenye ofisi ya kaunti au halmashauri mkaulize mahitaji ya biashara na ya afya, khasa mkinuia kuuza chakula kilichopikwa. Ni afadhali kuchelewa mwezi mmoja kufungua kuliko kufungiwa mbele ya wageni.

KAZI YA KILA MMOJA

Mali bila daftari huisha bila khabari. Kila siku ya wageni iandikwe: wamekuja wangapi, wamechuma kilo ngapi, tuta gani, fedha taslimu kiasi gani na za simu kiasi gani. Vitabu vya miezi 12 vitawafundisha jamaa mambo ambayo hakuna mwalimu awezaye kuwafundisha, kwa sababu ni ya ardhi yao.

Kazi zigawanywe kabla. Mmoja akae langoni na daftari la majina, mmoja kwenye mizani, mmoja matutani akiwaonesha watu namna ya kuchuma, yaani kukibana kikonyo kwa kucha na kulikata tunda pamoja na kikofia chake cha kijani, si kulivuta. Na mmoja asiwe na kazi ila kuwatazama watoto.

Enyi wazee, kazi ya vijana wenu mashambani isihesabiwe kuwa ni bure kwa sababu ni damu yenu. Wengi wao huikimbia ardhi ya baba zao kwa kuwa hawajaona fungu lao ndani yake. Kijana aliyepewa tuta lake, akaandikiwa sehemu yake ya mapato na akalipwa mwisho wa mwezi, atalipalilia bila kuitwa. Nanyi vijana, mkiwa mnaelewa zaidi mambo ya simu na matangazo, msiutangulie mti kwa ulimi. Muulizeni kwanza mama aliyepita tutani asubuhi: leo yako mangapi? Tangazo lenu lisizidi jibu lake.

SIKU YA MAJARIBIO

Kabla ya kufungua rasmi, waalikwe majirani na jamaa kama 20 siku moja, wachume bure au kwa nusu bei. Wapokeeni kama wageni khasa. Tazameni wanajikwaa wapi, wanauliza nini mara nyingi, magari yanaziba njia ya nani, foleni inakwama wapi, na mvua ikinyesha watakimbilia wapi. Kila swali lililoulizwa mara tatu ni kibao kinachokosekana. Baadaye kaeni jioni mwaulizane ninyi kwa ninyi, nani amechoka na kwa nini. Ikiwa siku moja ya watu 20 imeivunja nyumba, basi 20 ni wengi, na hapana haya kuanza na 10. Majirani nao watakuwa wameshirikishwa, na hilo si dogo, kwa maana vumbi la magari yenu litatua juu ya nguo zao.

YANAYOBAKIA

Matunda yaliyoiva mno au yenye umbo baya yasiuzwe kwa hila chini ya mazuri. Yana kazi yake jikoni. Chagua yasiyooza, yaoshe, uyapime. Kwa kila kilo moja ya matunda tia sukari robo tatu ya kilo au zaidi kidogo, na maji ya ndimu mbili. Ndimu haiachwi, kwani stroberi ina kigandishi kidogo cha asili, na uchachu husaidia jamu kushika. Chemsha ukikoroga mpaka tone ukilitia juu ya sahani baridi lisitiririke, kisha mimina katika chupa zilizochemshwa na uzifunike zikiwa moto. Akitaka mtu kuongeza kigandishi cha dukani, achague pektini, ambayo hutolewa katika matunda, na asome kibandiko asije akapewa jelatini asiyoijua asili yake.

Wasomaji wetu wa pwani wasidhani hawana fungu. Stroberi hailipendi joto la Mombasa wala Tanga, lakini forosadi humea, na zambarau zajulikana na kila mtoto. Huko Unguja wako wenye mashamba ya karafuu, mdalasini na pilipili manga ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwatembeza wageni na kuwaonesha viungo mtini. Hisabu ni ile ile na adabu ni ile ile. Ila mwenye forosadi awaonye wageni wasije na nguo nyeupe, kwa kuwa rangi yake haitoki kwa urahisi. Na mwenye mzambarau asimruhusu mgeni kupanda juu. Matunda yaangushwe na mtu wa nyumbani anayejua tawi lipi huvunjika.

Wapenzi wasomaji, mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyosikia tangu utotoni. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni asiyemweza. Tembeeni matutani, hesabuni maua, ulizaneni nyumbani, mkate idadi yenu. Lango dogo linalofunguliwa kwa wakati wake na kufungwa kwa wakati wake litawapatia riziki ya miaka mingi, na watoto wenu watakuwa na sababu ya kubaki na ardhi yao. Mwenyezi Mungu atie baraka katika mashamba yenu na atulinde na tamaa. Amin.